Nazish na Pikipiki ya Mkaguzi

Kila mwezi mkaguzi alikuja shuleni kwetu, nje ya mji wa Jhang, Pakistani, akachagua wasichana saba wamsomee Kiurdu, kisha akaipa shule alama. Siku yake tuliijua mapema.

"Huyo Nazish wako abaki kwao," Madam Farkhanda, mkuu wetu, alinifokea. "Ataniponza!"

Nami, mwalimu wake, mwoga nisiye na haya, kila mara nilimwambia Nazish, aliyekuwa akikwama kila mstari, asije siku hiyo.

Mwezi wa Machi mkaguzi alitujia bila taarifa. Wiki hiyohiyo Nazish alikuwa amenisomea ukurasa mzima bila kukwama. Aliposikia pikipiki langoni, akabeba mkoba wake.

"We, unakwenda wapi?"

"Nyumbani, Mwalimu. Leo sikusubiri uniambie."

Ningeweza kumzuia. Badala yake nilimfungulia mlango wa nyuma. Siku hiyo tulipata mia kwa mia.