Shimo Nyuma ya Nyumba

Enos alikuwa mtu wa benki, na watu wa benki wakilipanga jambo hulipanga mpaka lichoke. Mama yake, Rispah, alipotua Johannesburg kutoka Homa Bay kuja kubadilishiwa vali ya moyo, alilalamikia kitu kimoja tu: samaki wa dukani, akisema amekufa zamani na hana ladha hata ya kusingiziwa. Hapo Enos akaamua kumchimbia bwawa nyuma ya nyumba yao ya Turffontein, na akamwonya mkewe Kathambi asithubutu kufungua mdomo. Mama angeenda hospitali, angetoka salama, angekuta samaki wake wanamsubiri.

Tatizo lilikuwa baridi. Kwao mtu huchimba kidimbwi cha kufika magotini, akamwaga vifaranga wa ngege, samaki wa ziwani kwao, akaenda zake kulala. Johannesburg haiendi hivyo. Nassir, muuza vifaa vya bustani wa Fordsburg, alimweleza wazi kwamba mwezi wa sita na wa saba maji ya juu huganda alfajiri, na ngege hatamaliza msimu. Afuge kambare, maana huyo ni mvumilivu, na achimbe kina cha kufika kifuani ili wapate pa kukimbilia huko chini. Tena bwawa liwe jembamba, aweze kulifunika kwa mbao baridi ikizidi. Enos akanunua nailoni nyeusi ya kutandika ndani, akaificha gereji.

Jumamosi akaja rafiki yake François, Mkongo wa Uvira, mlinzi wa jengo moja la Hillbrow, mtu asiyejua kushika koleo taratibu. Wakachimba mpaka jasho likawatoka kwenye baridi ile, udongo mwekundu wakaurundika upande mmoja. Kila Mama Rispah alipochungulia dirisha la jikoni, wanaume wale walinyamaza ghafla, wakasukuma mabati juu ya shimo, wakajifanya wanajadili mpira. Walijiona wajanja kweli.

Jioni ile mama hakugusa chakula. Jumapili alikataa kwenda kanisani. Jumatatu alimwambia Kathambi, kwa upole kabisa, kwamba upasuaji hautaki tena na anaomba arudishwe nyumbani, ikiwezekana kesho.

Enos akachanganyikiwa. Upasuaji ulikuwa Alhamisi, na daktari alishasema moyo ule ukicheleweshwa hautafika mbali. Akambembeleza mama, akampigia simu mchungaji wao naye ajaribu. Mama aliwasikiliza wote, akawashukuru, akaendelea kukunja nguo zake na kuzipanga sandukuni. Enos akajilaumu kwa kila kitu: baridi, chakula, kazi iliyomweka mjini mpaka jioni. Lile shimo halikumpitia akilini hata kidogo.

Jumanne akaomba ruhusa kazini, akarudi mapema. Alimkuta mama nyuma ya nyumba, amejifunga blanketi, mabati ameshayasukuma kando, analitazama shimo. Enos akaona siri imekwisha, na moyoni akasema afadhali, huenda bwawa litamchangamsha.

"Enos," mama akasema, "baba yako amelala kwenye boma lake, na nafasi yangu iko pale pale. Mbona mnataka kunizika ugenini?"

Enos akalitazama shimo, kana kwamba ni mtu mwingine aliyelichimba. Refu, jembamba, pembe zake nne zimenyooka, kifusi upande mmoja. Yeye, Mjaluo aliyekulia mbele ya makaburi ya wazee wake, aliyemzika baba yake hapo hapo uani, alikuwa amechimba shimo la namna hiyo wiki ya upasuaji, na kila mgonjwa alipotokea akalifunika.

"Mama, hili ni bwawa la samaki."

Mama hakuamini. Enos akakimbia gereji, akaiburuta ile nailoni, akaitandaza, akaeleza habari za baridi na kambare na mbao, maneno yakimgongana mdomoni. Kathambi akatoka jikoni mbio, naye akahojiwa kivyake, kama shahidi mahakamani, akaapa kwamba ni samaki. Ndipo Enos akalisema lile ambalo yeye na mama yake walilikwepa tangu uwanja wa ndege: siku ikifika, iwe lini, atarudishwa nyumbani akalale kando ya mumewe, na hapatakuwa na mjadala.

Mama Rispah akaketi juu ya kifusi, akashusha pumzi ndefu. Kisha akaanza kucheka, mabega yakimtikisika, mpaka Kathambi akamshika kwa hofu ya ule moyo wake. Alipotulia akasema Alhamisi ataenda, na nguo zitolewe sandukuni. Akaongeza kwamba kambare ana ladha ya tope na hajawahi kumpenda, ila kwa kuwa shimo limeshachimbwa, basi.

Enos alihisi mzigo mzima umemtoka mabegani. Akainama kumpangusa mama udongo kwenye blanketi, na mama akaushika mkono wake. Hakuwa akicheka tena.

"Mimi nilikuwa nimeshakusamehe," akasema. "Tangu ile Jumamosi. Nilijiambia, mwanangu amekaa mbali siku nyingi, labda ndivyo watu wa huku wanavyofanya."

Enos akaketi naye kwenye kifusi, na suti yake ya benki, akalia mbele ya mkewe, wala hakuona haya.