Mwendo wa Kuongea

Kwa habari za baiskeli, anayekusimulia hapa hana mpinzani: anajua gia, anajua breki, anajua mlima unapandwaje na mteremko unashukwaje. Kupanda yenyewe ndiyo hajawahi. Lakini hilo lisikusumbue, maana hata Fundi Pindo, mama mshona nguo aliyepatwa na mkasa huu, alikuwa bingwa wa ukoo mzima na baiskeli yake haikuwahi kutoka sebuleni.

Ilibanwa kwenye chuma, kati ya cherehani na kabati la vyombo. Gurudumu la nyuma lilikaa juu ya rola iliyopima nguvu ya miguu na kuipeleka kwenye televisheni. Humo mlikuwa na barabara, miti, ziwa, na vikaragosi juu ya baiskeli, kimoja kikiwa yeye mwenyewe, chembamba kuliko alivyokuwa siku ya harusi yake. Barabara ya kwenye kioo ikipanda, rola ilikaza na mapaja yakaungua kweli kweli. Ikishuka, ikalegea.

Kila Jumamosi asubuhi walikwenda wanne, kila mtu kwake, wakisikilizana kwa hedifoni: Fundi akiongoza, binti yake aliyeolewa mji mwingine, binamu yao fundi wa malori, na mdogo wake Fundi, mtengeneza saa, ambaye ukoo mzima ulimwita Saa.

Safari zenyewe zilianzishwa kwa ajili ya Saa. Moyo wake ulimlaza hospitali muda mrefu, na daktari alipomruhusu kutoka alimwambia afanye mazoezi, ila kwa mwendo wa kuongea. Ukiwa unakanyaga na bado unaweza kupiga soga, uko salama. Maneno yakianza kukatika, punguza. Yakikatika kabisa, shuka.

Familia ikaligeuza agizo hilo kuwa kazi. Saa akapewa zamu ya kuongea safari nzima, naye hakuhitaji kubembelezwa, kwa kuwa mtu anayekaa na saa za watu hukaa na siri zao pia. Fundi, huko mbele, alicheka kila mahali pa kuchekea, lakini alichokuwa akisikiliza si hadithi, ni pumzi. Sentensi za mdogo wake zikianza kufupika, alisema, "Legezeni," na wote wakalegeza.

Mke wa Saa, mwoka mikate, alikubali kwa sharti hilo tu. "Wifi, nakukabidhi mtu, sio baiskeli," alimwambia Fundi. "Nikirudi kutoka kwenye tanuri nimkute anaongea."

"Wifi, huyo nilimbeba mgongoni kabla wewe hujamjua," Fundi akajibu. "Nitamuua leo?"

Palikuwa na kamba pia. Kabla ya kuondoka, binti alibonyeza mahali fulani na vikaragosi vyote vikafungwa pamoja kwa kamba isiyoonekana. Mwenye nguvu hawezi kutoroka, aliyechoka haachwi. Jambo jema sana, ila lilikuwa na ubaya mmoja ambao hakuna aliyeufikiria: ukitazama picha, huwezi kujua nani anakanyaga na nani anakokotwa. Na Saa hakutaka kukokotwa. Dada yake akikaza, naye alikaza, akiangalia namba ya nguvu ya dada na yake zisipishane mno. Fundi alilijua hilo. Ndiyo maana aliongoza kama mtu aliyebeba beseni la maji kichwani.

Jumamosi hiyo Binamu aliamka na maneno.

"Leo tena tumebeba mayai?" akasema walipoanza kuzunguka ziwa. "Mimi nimevaa viatu vipya jamani, msinitie aibu."

"Viatu vipya, miguu ya zamani," Fundi akamjibu.

"Afadhali ya zamani. Yako ya cherehani, imezoea kukanyaga bila kufika."

Binti akacheka. Saa akacheka pia, tena kwa sauti, na kicheko cha mdogo wako ndicho kinachouma. Mbele yao kilima kilikuwa kinajitokeza, kirefu, kimejikunja mara mbili. Fundi alibadilisha gia, akakaza kidogo. Kidogo tu, alijiambia, cha kumfunga huyu mdomo.

Saa alikuwa katikati ya hadithi. "Basi yule mama akaniambia, fundi, saa hii akiivaa mume wangu inachelewa kurudi nyumbani, mimi nikiivaa haichelewi, sasa tatizo ni saa au..."

"Au nini, mjomba?" binti akauliza.

"Au mkono."

Fundi akacheka mahali pa kuchekea. Rola ikazidi kukaza. Kwenye hedifoni alisikia Binamu akianza kuhema kama pampu mbovu, na utamu wa sauti ile ukamshika miguu. Akakaza tena.

"Ukamjibuje?" binti akauliza.

"Nikamwambia..." Pumzi. "Lete." Pumzi nyingine. "Mkono."

"Mama, legeza kidogo."

"Tukifika juu," Fundi akasema.

Kona ya kwanza. Kona ya pili. Jasho lilimwingia machoni, na Binamu akatukana kwa sauti ndogo, na hakuna muziki uliowahi kumpendeza Fundi kuliko tusi lile. Walipofika kileleni akaacha kukanyaga, akajifuta uso kwa mkono wa gauni.

"Haya, Binamu, mayai yamepasuka mangapi? Saa, mwambie huyu."

Kwenye hedifoni ikarudi pumzi ya Binamu peke yake.

"Saa?"

Akatazama kioo. Kikaragosi cha mdogo wake kilikuwa pale pale begani kwake, na kofia yake nyekundu, miguu inazunguka vizuri, uso unatabasamu. Moyo ukamtulia. Kisha akashusha macho kwenye namba zilizo chini ya jina. Nguvu ya miguu: sifuri. Mahali pa mapigo ya moyo palikuwa na kistari tu.

Kikaragosi kiliendelea kukanyaga. Kilikuwa kinakokotwa na kamba, kinatabasamu, na juu ya baiskeli hapakuwa na mtu.

"Atakuwa ameenda chooni," Binamu akasema, lakini alilisema polepole.

"Mjomba hapokei simu," binti akasema. "Nimepiga. Inaita tu."

Fundi hakuwaaga. Alivua hedifoni, akashuka, mguu mmoja ukaingia kwenye kandambili na wa pili ukakosa, akatoka hivyo hivyo. Nyumba ya Saa ilikuwa mitaa michache kutoka kwake. Alipita ukuta wa shule, akapita vijana wanaoosha magari, mmoja akamwita, "Mama, kuna nini?" naye hakuwa na pumzi ya kumjibu. Kifua kilimbana, akawaza: ndivyo alivyobanwa mwenzangu, na mimi nacheka.

Alijaribu kukumbuka neno la mwisho alilolisikia. Mkono. Baada ya hapo ni kona mbili nzima, na kwenye kona hizo hakusikia kitu, na alijua kwamba hasikii kitu. Hilo ndilo lililomtia baridi mgongoni katikati ya jua.

Duka la mikate la wifi lilikuwa limeshushwa mlango nusu, harufu ya kuungua inatoka chini yake. Hakuna mwoka anayeacha tanuri asubuhi ya Jumamosi kwa jambo dogo. Akaongeza mwendo.

Mlango wa Saa ulikuwa wazi. Fundi alisimama kizingitini, kuingia akashindwa, macho yake yakatafuta sakafuni kwanza.

Alikuwa sakafuni, ameegemea ukuta, miguu imenyooshwa kama mtoto anayesubiri kuvishwa viatu. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu, midomo imekauka. Mkewe alikuwa amepiga magoti pembeni, mikono ina unga hadi viwiko, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wa mumewe. Macho ya Saa yalikuwa wazi. Yakamwona dada yake, yakapepesa.

"Gari la hospitali linakuja," wifi akasema bila kugeuka. "Alinipigia simu, hakuweza kusema. Nilisikia anahema tu."

Fundi akashika fremu ya mlango. Yuko hai. Hilo neno lilimpita kichwani mara nyingi, na nyuma yake likafuata jingine: wifi asijue.

"Mlikwenda mwendo gani?" wifi akauliza.

Gauni lilikuwa limemgandama Fundi mgongoni kama aliyetoka mtoni. "Mwendo wetu ule ule," akasema. "Wa kuongea. Alikuwa anaongea vizuri mpaka juu, wifi, anatuchekesha. Hadithi ya yule mama na saa ya mumewe. Mara akanyamaza tu. Ghafla."

Saa aliinua kidole kimoja. "Nilikuwa... naongea," akasema, na ilimchukua pumzi mbili kulimaliza.

Wifi akaitikia kwa kichwa kidogo, kama mtu anayetaka sana kuamini.

Ukutani, televisheni ilikuwa bado inawaka. Vikaragosi vinne vilikuwa vinateremka kilima pamoja, kofia nyekundu katikati. Hedifoni ya Saa ilikuwa imechomoka, sauti sasa ikitoka kwenye televisheni, na huko kwenye barabara yao hakuna aliyejua kwamba anasikika.

"Mimi ndiye niliyemchokoza mama yako," sauti ya Binamu ikasema, nzito, kama ya mtu aliyekaa chini. "Lakini sikudhani atapanda vile. Saa alinyamaza tangu kona ya kwanza. Nilisikia."

"Hata mama alisikia," binti akajibu, na alikuwa analia. "Nilimwambia alegeze. Akasema tukifika juu."

Wifi hakuutoa mkono wake kwenye mkono wa mumewe. Aligeuza shingo tu, akamtazama Fundi kuanzia kwenye gauni lililolowa mpaka kwenye mguu usio na kiatu, na macho yake hayakurudi tena usoni kwa Fundi.