Maji Baridi

Tiki! Mlio mdogo tu, kama wa ukucha unaokatwa, lakini Karani aliusikia mpaka kwenye meno. Akaichomoa patasi kutoka kwenye ndoo ya maji kwa koleo, akaigeuza juani. Ufa mwembamba ulikuwa umepita katikati ya bapa, kuanzia makali hadi karibu na shina. Hii ilikuwa patasi ya tisa.

"Imelia tena?" mkewe aliuliza kutoka dirishani.

"Imelia."

"Basi mwache mtoto akanunue dukani, baba. Patasi ni patasi."

Mtoto mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na sita, fundi seremala, na Jumatatu angefungua karakana yake. Baba yake alikuwa amemwahidi patasi moja, moja tu, iliyotoka mikononi mwake. Ahadi nyingi alizitoa enzi za ofisi, tena kwa mhuri, na hakuna hata moja iliyowahi kumkosesha raha namna hii.

Tangu astaafu alikuwa amejijengea kiwanda uani. Ringi ya gari iliyokandikwa udongo ndiyo tanuri, mashine ya mkewe ya kukaushia nywele ndiyo mvukuto, na kipande cha reli kilichofungwa juu ya gogo ndicho fuawe. Majirani walicheka. Mkewe hakucheka, maana nywele zake sasa zilikaushwa na jua. Kila kitu pale alielekezwa na kaka yake, mhunzi wa kweli, aliyerithi fuawe ya baba yao. Gogo lisimame kimo cha ngumi zako. Chuma kikishapoteza wekundu usikipige, utajichosha bure. Yote yalikuwa sahihi. Na ilipofika zamu ya kukaza makali kwa kukizamisha chuma kingali chekundu: "Maji baridi, mdogo wangu. Baridi kabisa. Kikipasuka, ujue mkono wako bado."

Miaka mitatu mkono wake ulikuwa bado.

Asubuhi hiyo hiyo alikwenda kwa Mama Chuma, muuza vyuma chakavu, kutafuta kipande kingine cha springi ya gari. Mama Chuma akaichukua ile patasi iliyopasuka, akaitazama, kisha akamtazama mwenyewe.

"Umechovya kwenye nini?"

"Maji."

"Springi kwenye maji!" Akacheka mpaka akashika mbavu. Alipouona uso wa mteja wake, akaacha. "Baba, hii ni ya oili. Mimi si fundi, mengine siyajui, lakini hilo kila mhunzi anayekuja hapa analijua. Kaka yako akichukua springi, lazima aondoke na dumu la oili chafu. Miaka yote. Hakukwambia?"

"Labda alisahau," Karani alisema, na akaona aibu kwa jinsi sauti yake ilivyokuwa ya kitoto.

Akarudi na springi na dumu. Akafua bila kupumzika, mashine ya nywele ikilalama, jasho likimwingia machoni. Alipochovya, moshi mweusi ulipanda na mwali ukaruka hadi mkewe akapiga kelele. Karani alitega sikio. Kimya. Akaijaribu kwa tupa, na tupa ikateleza juu ya makali bila kung'ata; chuma kilikuwa kimekaza.

Alitakiwa kushangilia. Badala yake alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaanza kukumbuka. Kila walipofikia kukaza, kule kwenye karakana ya kaka yake, kaka alikuwa na jambo la kumtuma. Hebu kaniangalizie nani yuko mlangoni. Hebu niletee mkaa kule nyuma. Naye, mtu mzima wa miaka sitini na moja, alikwenda mbio, na akirudi anakuta chuma kimeshapoa. Hizo mbio ndizo zilizomuuma kuliko patasi zote tisa.

Alimkuta kaka yake kazini.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Imelia tena?"

Karani akaiweka patasi juu ya fuawe ya baba yao. Kaka aliinusa oili kabla hajaigusa. Nyundo iliyokuwa hewani akaishusha polepole.

"Nani kakwambia?"

Njia nzima Karani alikuwa amemwandalia kaka yake jibu la kujitetea, kwamba alisahau. Kaka hata hakulitaka.

"Miaka mitatu, kaka! Unakuja kwangu, unakula, unashika patasi zangu zilizopasuka, unatikisa kichwa. Unanionea huruma!"

"Nilikuonea kweli."

"Sasa kwa nini?"

Kaka alijifuta mikono kwenye aproni ya ngozi, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Baba alisema mmoja aende shule, mmoja ashike nyundo. Ukaenda wewe. Ukapata kalamu, ukapata ofisi na feni juu ya kichwa. Sikulalamika. Nikasema sawa, yeye ana hayo, mimi nina hiki. Halafu unastaafu, unakuja kukichezea. Kukichezea, Karani! Kwa mashine ya nywele!"

"Ungeniambia hapana."

"Ningekwambiaje hapana? Wewe si mdogo wangu?"

Kaka, kwa mazoea tu, alikuwa ameshachukua tupa na kuipitisha kwenye makali.

"Imekaza," alisema. "Umeirudisha motoni?"

"Kuirudisha?"

"Lazima uipashe tena, taratibu, mpaka ipate rangi ya majani makavu. Ukimpa mtoto hivi ilivyo, itameguka pigo la kwanza. Majani makavu tu, mdogo wangu. Ikifika buluu umeiharibu."

Aliyasema kwa upole, akimtazama usoni. Hata yale ya maji aliyasema hivyo hivyo.

Karani alirudi nyumbani, akamkuta binti yake uani, vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Baba, mama anasema imekubali! Ilete niione."

"Bado kidogo, mwanangu."

Akawasha mvukuto. Mkaa ukafunguka mwekundu. Akaishika patasi kwa koleo, akaipeleka juu ya moto, na hapo mkono ukasita.

"Mbona huiweki?" binti aliuliza.

Baba yake alikuwa ameinama, macho kwenye chuma, na patasi ilibaki pale pale, shubiri moja juu ya mkaa, haishuki wala hairudi.