Waya za Mwalimu Evaline

Hakuna mtu pale Murungu aliyepiga mswaki muda mrefu kama Mwalimu Evaline. Alikaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba, kikombe cha maji kando, kioo kidogo magotini, akasugua juu ya waya na chini ya waya. Kisha alichukua kibrashi chembamba, mfano wa kile cha kusafishia chupa ya mtoto ila kidogo kama njiti ya kiberiti, akakipitisha kati ya chuma na jino. Watoto wa jirani walijibanza nyuma ya migomba kumtazama. Akitema povu, walicheka na kukimbia, naye alicheka pamoja nao.

Yeye na Immakulata walikuwa wanachuo wa ualimu kutoka Kasulu, wameletwa huku Kibondo kwa mazoezi ya kufundisha. Ilikuwa Februari 2014, masika yameshika. Walipanga chumba kimoja kwa Mama Ntirampeba, mjane aliyelima maharage na mihogo. Immakulata alikuwa Muha wa Heru Juu. Evaline alitoka Dar es Salaam, na ndiko alikofungwa waya wakati wa likizo, ili meno yake ya mbele yaliyopandana yanyooke. Daktari aliyemfunga hakufurahi kusikia kwamba atakaa mbali.

"Sikiliza, binti," alimwambia. "Chuma hakiozeshi jino. Kinachoozesha ni chakula kinacholala nyuma ya chuma. Ukila, safisha. Na hizi pete za kwenye magego zikilegea, usingoje. Hasa gego hili la kushoto, lilishawahi kuzibwa."

Evaline alimweleza Immakulata hayo yote siku ya kwanza, akimwonyesha brashi zake kama mtu anayeonyesha vyombo vya harusi.

Kisha radi ikaua ng'ombe wawili ng'ambo ya shule.

Nchi ile radi si jambo la mzaha. Karibu kila ukoo una mtu wake aliyekufa nayo. Watu walisimama kuwatazama wale ng'ombe, miguu imekakamaa juu, na mmoja akasema kwamba radi hufuata chuma. Hakumtaja mtu. Lakini kesho yake, wingu lilipofunika mlima katikati ya somo la hesabu, msichana wa dawati la mbele alichukua daftari lake akahamia nyuma. Mwenzake akamfuata. Baada ya muda madawati yote ya mbele yalikuwa matupu, na Evaline amebaki peke yake ubaoni, chaki mkononi. Safari hii hakuna mtoto aliyecheka.

Mwalimu mkuu aliwaita wazazi akawaambia huo ni upuuzi. Walimsikiliza kwa heshima wakaenda zao. Hata Mama Ntirampeba, aliyempenda, alimwambia jioni ile kwa upole, "Mwana wanje, mwanangu, ikinguruma usikae mlangoni."

Tangu hapo Evaline akawa anaongea kiganja kikiwa mdomoni. Jiwe la nyuma ya nyumba akaliacha. Alipiga mswaki ndani, harakaharaka, akitemea kwenye kopo, na siku nyingine hakupiga kabisa. Maharage yalikwama kwenye waya, basi akaacha kula na wenzake, akawa ananunua biskuti na soda dukani na kula kitandani ameelekea ukutani. Kile kibrashi chembamba kilikauka ndani ya glasi.

Harufu ilianza kidogokidogo. Immakulata alidhani ni panya aliyefia darini. Alipogundua inakotoka, alikaa nayo kimya, maana kumwambia mtu kwamba mdomo wake unanuka ni kama kumvua nguo. Alianza kwa kumwekea maji ya moto yenye chumvi pembeni ya kitanda. Evaline aliyatumia kunawa miguu.

Mwishowe alisema.

"Mwenzangu, usinichukie. Mdomo wako unatoa harufu. Na mto wako una damu."

Evaline aligeuka polepole. "Hata wewe?"

"Mimi siongelei radi. Naongelea meno. Twende hospitali, Kibondo mjini, wayaangalie."

"Nenda ukawasimulie huko kisimani. Si ndicho ulichokuwa unangojea?"

Siku hiyohiyo alifunga kamba katikati ya chumba akatundika kitenge. Wakaishi hivyo, kila mmoja upande wake. Immakulata alipokuwa akiandaa masomo alisikia kitu nyuma ya kile kitenge: tik, kimya, tik. Evaline alikuwa akisukuma kitu kwa ulimi.

"Nini hicho?"

"Hakuna."

Ilikuwa pete ya gego la kushoto. Imelegea.

Jumapili shavu lilivimba. Evaline alisema ni waya unavuta, ndiyo kazi yake. Mama Ntirampeba alimpa karafuu za kung'ata. Maumivu yakapoa, uvimbe haukupoa. Ulishuka chini ya taya, ukawa mgumu kama parachichi bichi, hadi kidevu na shingo vikawa kitu kimoja. Jumanne alijifunga khanga usoni akaenda kazini. Aliandika ubaoni bila kusema neno, akakaa, na hakuinuka tena. Watoto ndio waliokwenda kumwita Immakulata.

Alimkuta ameinama mbele, mate yakichuruzika kwenye khanga. Alikuwa ameshindwa kuyameza.

"Fungua mdomo."

Meno yaliachana upana wa ukucha tu. Evaline alijaribu kusema, sauti ikatoka kama ya mtu aliyebeba kiazi cha moto mdomoni.

Twalibu wa bodaboda alikuja upesi, lakini alipomwona abiria wake alizima injini. Upande wa Kibondo mbingu ilikuwa nyeusi kama sufuria, ikinguruma.

"Huyu si yule wa waya?" aliuliza. "Mwalimu, mimi nina watoto. Tungoje mvua hii ipite."

"Pikipiki yako ni nini, mti?" Immakulata alisema. "Si chuma kitupu? Mwangalie huyu. Akiinua kichwa pumzi inakata. Ukingoja mvua ipite, utabeba maiti."

Mama Ntirampeba, aliyekuwa amefika akihema, alimwambia Twalibu kwa Kiha maneno machache makali. Akawasha injini.

Mvua iliwakuta njiani. Barabara ilikuwa tope jekundu, na kila radi ilipopasuka Immakulata, aliyekaa nyuma kabisa, aliona mabega ya Twalibu yakijikunja. Alikuwa amemzungushia Evaline mikono, viganja kwenye mbavu, akisikiliza kwa vidole kama bado zinapanda na kushuka. Mahali pamoja zilikawia. Alimtikisa, zikapanda tena.

Daktari wa meno wa hospitali ya Kibondo alikuwa kijana kutoka Mbeya, Crispin. Aliingia akiongea na muuguzi, akagusa chini ya kidevu cha Evaline, akavuta kiti.

"Asilazwe chali," alisema.

Alimchoma sindano, akampasua chini ya taya akiwa ameketi. Usaha ulitoka, na harufu yake ikamfanya muuguzi ageuze uso. Aliacha kipande cha mpira kwenye kidonda ili uendelee kutoka, kisha akaingiza koleo kwenye ule mwanya mdogo wa mdomo, akakata waya uliokuwa umetoboa shavu na kuitoa ile pete. Ndani yake mlikuwa na uji wa kijivu, na chini ya uji jino lilikuwa jeusi.

"Atapona?" Immakulata aliuliza.

Crispin alichukua kalamu akachora mstari shingoni, pale uvimbe ulipoishia. "Uvimbe ukishuka kifuani, mimi hapa sina la kufanya. Mvua hii na gari la kwenda hospitali ya Kigoma, unajua mwenyewe. Angalia mstari."

Kulipokucha uvimbe ulikuwa umeuvuka mstari. Immakulata alimwita Crispin, naye alitazama, akaongeza dawa. Mchana kutwa Immakulata hakutoa macho kwenye shingo ile. Uvimbe ulisimama pale. Kesho yake ngozi ilianza kukunjamana.

Mdomo ulipofunguka, waling'oa gego lile na la jirani yake. Evaline alikuwa na dripu mkono mmoja na mwingine hauna nguvu, hivyo Immakulata ndiye aliyemsafisha meno yaliyobaki, moja moja, kwa brashi ya mtoto iliyonunuliwa sokoni. Fizi zilitoa damu.

"Inauma?"

"Endelea tu," Evaline alisema. Baadaye kidogo akaongeza, "Uliniambia."

"Nilikuambia nikiwa nimechelewa."

"Hata ungewahi, nisingesikia."

Kaka yake alikuja kumchukua. Huko Dar walimtoa waya zote, na kila jino likabaki na alama nyeupe kama chokaa, mraba mmoja mmoja kuzunguka pale chuma kilipobandikwa. Mazoezi ya kufundisha aliyarudia mwaka uliofuata. Meno ya mbele yalianza kurudi yalikokuwa, na kaka akajitolea kumlipia afungwe upya.

"Siyo sasa," Evaline alimwambia Immakulata kwenye simu. "Bado nikiongea na watu naziba mdomo."

Immakulata alimuuliza kama amekula. Alisema amekula ndizi, akitafuna upande wa kulia.