Kitanda cha Mti wa Mwisho wa Eino

Nimechoka, na sisemi uchovu wa miguu. Siku sita nzima tuliutandikia mti mmoja kitanda. Watu wa mjini wakisikia hivyo hucheka. Mti huo, aina tunayoiita mti mwekundu, ni mkubwa wa kutisha lakini mbao zake hazina ustahimilivu. Ukianguka pabaya unapasuka vipandevipande, unabaki kuni tu. Ndiyo maana sisi wakata miti wa Mto Noyo huusawazishia ardhi kwanza, tukarundika udongo na matawi, ndipo tukaukata.

Mlengaji, yule anayeamua mti uangukie wapi, alikuwa Eino Lahti. Miaka kumi na tisa tumeshika msumeno mmoja, yeye upande ule, mimi huu. Mwaka huo macho yakaanza kumsaliti. Miti mitatu mfululizo ilimwendea kushoto. Msimamizi wetu, Crandall, akamwambia mbele ya watu, "Mzee, huu ukikosa kitanda, weka shoka chini uende nyumbani."

"Nyumbani nikafanye nini? Mke wangu mwenyewe mchana hanitaki."

Watu wakacheka. Eino hakucheka.

Nilimwonea huruma, nikafanya ujinga. Eino alikuwa akilenga kisiki kilichoungua ng'ambo ya bonde, na kazi ya kitanda aliniachia mimi. Basi nikakisogeza kitanda hatua nne kushoto ya mstari wa kisiki, kule miti yake inakokwenda. Sikumwambia. Mwanamume wa namna ile utamwambiaje kwamba haoni?

Siku ya saba tulikata tangu alfajiri. Alasiri mti ukalia, tukakimbia. Ukaangukia kwenye mstari wa kile kisiki, umenyooka kama uzi, nje ya kitanda. Ulivunjika kuanzia shina hadi kileleni. Vumbi jekundu likatujaa puani.

Eino akaketi juu ya gome.

"Nilijirekebisha, ujue," akasema polepole. "Nilishajua macho yananivuta kushoto, leo nikaupeleka kulia kidogo. Kumbe ndiyo nimekwisha kabisa."

Crandall alikuwa anapanda mlima kuja kwetu. Maneno mawili tu yangetosha, na mdomo ninao. Lakini na mimi nilikuwa na miaka hamsini na nane, na kazi nyingine siijui.

Eino akanipa shoka lake.

"Kitanda chako kilikuwa kizuri, ndugu yangu," akasema. "Nisamehe nimekuharibia kazi."

Nikalipokea.