Konstebo wa Zabibu Mbili

Jumanne moja jioni, mwaka 1981, Hansa alikuwa akichemsha chai ya tangawizi jikoni kwake Queensbury, Landani, mlango ukabishwa. Aliyebisha alikuwa konstebo aliyemkamata mwaka 1969. Konstebo alikuwa amekufa tangu Pasaka, kwa ugonjwa wa moyo, akipogoa mawaridi yake. Hansa alimtambua kwa masikio, maana yalikuwa makubwa na kifo hakikuyapunguza. Mwatima, jirani yake Mpemba, ambaye alikuja kuazima sufuria, alichungulia mlangoni.

"Mwache aingie, shoga," alisema. "Baridi hii hata mfu haiwezi."

Konstebo akapangusa viatu, akaketi. Alipokuwa hai hakujua neno hata moja la Kiswahili. Sasa alikizungumza vizuri, tena kwa lafudhi ya Kisumu, mji alikozaliwa Hansa na kufundisha shule ya msingi kabla ya kuhamia Landani. Hakuna aliyemuuliza alikojifunzia. Alipewa chai, nayo ikawa inapungua kikombeni ingawa hakuna aliyemwona akinywa. Alisema amekuja kwa ajili ya zile zabibu.

Mambo yalikuwa hivi. Wiki ya pili baada ya kushuka Heathrow, Hansa aliingia dukani kununua matunda. Kwao Kisumu mtu hanunui tunda asilolionja. Muuzaji mwenyewe hukutilia kiganjani, na ukikataa anakuona una majivuno. Hansa akaonja zabibu mbili. Zilikuwa chachu. Akamwita mwenye duka amwambie, kwa wema tu, kwamba mali yake haijaiva. Mwenye duka akamwita konstebo. Mahakamani Hansa aliulizwa kama alizila zabibu hizo. Akajibu ndiyo, alizila, na wala hazikuwa tamu. Hakimu akachukulia kwamba amekiri wizi.

Tangu hapo kila shule aliyoomba kazi ilimpenda mpaka ilipouliza habari zake polisi. Mwalimu mzima akawa mfunga vifurushi kwenye ghala moja la Hayes. Inaudhi, tusifichane. Na sasa shule moja ya karibu na kwake ilikuwa tayari kumpa darasa la kwanza, kuanzia Jumatatu, mradi kosa lile liwe limefutwa.

Konstebo alizungusha kikombe mezani.

"Sikusema mahakamani kwamba wewe ndiye uliyemwita mwenye duka," alisema. "Nilikuwa na njaa, nilitaka kesi iishe nikale. Nimekuja kusema sasa, mwalimu."

Hansa hakujua amshukuru au amtoe nje. Alimwongezea chai, kwa sababu hilo alilijua.

Asubuhi wakapanda treni pamoja hadi ofisi inayotunza kumbukumbu za makosa. Konstebo alikata tiketi yake mwenyewe. Karani waliyemkuta alikuwa mama mpole mwenye mafua. Alimsikiliza konstebo hadi mwisho, kisha akamwomba kitambulisho. Konstebo akasema alikirudisha kazini alipostaafu. Akaulizwa anakaa wapi kwa sasa, naye akataja makaburi ya upande wa Harrow, safu ya ukutani. Karani akapiga simu, akaenda kumuuliza mkubwa wake, akarudi akipenga kamasi.

"Tumethibitisha kwamba ni yeye," alisema. "Na tumethibitisha kwamba amefariki. Aliyefariki hatoi ushahidi."

"Lakini ni ushahidi wake ulionitia hatiani," Hansa akasema.

"Ule aliutoa akiwa hai. Kwa hiyo ule unasimama."

Hansa alichanganyikiwa. Kila sentensi ya karani, ikiwa peke yake, ilikuwa na akili; zote pamoja zilimzungusha kichwa. Kama mfu hasikilizwi, huyu mama alikuwa akiongea na nani muda wote huo? Konstebo naye alichanganyikiwa. Akasema basi anauondoa ule wa zamani, kwa kuwa ni wake. Karani akamjibu kwamba ulikuwa wake, lakini siku hizi ni wa serikali. Karani mwenyewe hakuonekana kuelewa vizuri. Alikuwa na utaratibu tu, na utaratibu ulimtosha.

Hansa akauliza kosa hilo litafutika lini. Akaambiwa litafutika lenyewe, bila yeye kuhangaika, siku atakapotimiza miaka mia moja.

Waliporudi, Mwatima alikuwa amepika wali na mchuzi wa kuku, akaweka sahani tatu. Alisikiliza habari yote huku akipakua.

"Hiyo ndiyo system yao, shoga," alisema. "Kula."

Hansa hakula. Alikuwa na hasira, na hakujua aielekeze wapi, maana aliyemkosea alikuwa ameketi mbele yake, mnyonge, akiomba pilipili. Konstebo akamtazama kwa huruma ya kweli. Akasema si haki kumwachia mzigo huu peke yake, kwa hiyo atakuwa akija kila jioni, na siku miaka mia itakapotimia watakwenda ofisini pamoja.

"Tutasubiri tu, mwalimu," alisema. "Mimi sina haraka."

Mwatima akamsifu kwa utu wake. Hansa alikuwa na miaka arobaini na tatu, na shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu.