Macho ya Fundi Kozi

Krrrr, krrrr, krrrr... kimya. Kisha pumzi ndefu, kama ya mtu aliyetua mzigo wa kuni. Kisha sauti:

"Twigaaa! Njoo umsaidie baba yako, mikono imejaa mafuta ya cherehani!"

Binti aliweka kitabu kitandani akacheka peke yake. Ngoma hiyo aliijua tangu mdundo wa kwanza: uzi umekatika. Na mafuta hayo yalikuwa na tabia ya ajabu. Yalimwagika mikononi mwa baba kila uzi ulipokatika, yakakauka mara tu sindano ilipotungwa.

Alikwenda chumba cha mbele, ambacho ndicho kilikuwa duka, karakana na baraza la baba yake. Mikasi ukutani, vipande vya kitambaa sakafuni, na baba mwenyewe kaunyosha mkono mpaka mwisho, kaishika ncha ya uzi mbali na uso kana kwamba inanuka. Twiga akaipokea, akailamba, akaisogeza karibu na pua, akaitunga kwa mara moja.

"Umeona?" baba akajisifu, utadhani katunga yeye. "Damu ya nani hiyo? Damu ya kozi!"

Mtaa mzima ulimwita Fundi Kozi, kwa jina la yule ndege anayemwona kifaranga toka mawinguni. Jina hilo hakupewa na mtu. Alijipa mwenyewe, akalitungia ubeti, akaughani juu ya cherehani mpaka wateja wakaukariri:

Jicho langu ni la kozi, lamwona chawa gizani,
Sihitaji waganguzi, wala vioo usoni.

Dada yake alipoanza kuvaa miwani, alimbatiza Madirisha siku hiyo hiyo, na jina likaganda kama gundi. "Madirisha, leo umefunga mapazia?" ndiyo ilikuwa salamu yake.

Sasa mwambie baba kama huyo kwamba huoni ubaoni.

Twiga alikuwa haoni ubaoni tangu muhula uliopita. Karibu aliona kuliko fundi saa: tundu la sindano, sisimizi, maandishi madogo kwenye chupa ya dawa. Mbali palikuwa ukungu mtupu. Na kwa kuwa alikuwa mrefu, kama jina lake lisemavyo, alikalishwa dawati la nyuma asiwazibe wenzake. Nane aliinakili tatu, palipoandikwa jumlisha yeye akatoa. Mwalimu wa hesabu alishamwambia bila kupepesa macho: ukifeli jaribio lijalo, darasa la sayansi uliage. Na sayansi Twiga aliipenda kufa. Alitaka siku moja awe mtafiti kama mama yake.

Mama alikuwa amezunguka nyumba za watu miaka na miaka, akiwauliza vijana wanakulaje, wanalalaje, wakiumwa wanamwambia nani. Utafiti wake ulikuwa umechapishwa, na Jumamosi angewasimulia wazazi matokeo katika ukumbi wa shule. Ndiyo maana cherehani haikupumzika. Baba alikuwa akimshonea koti la siku hiyo.

"Umelisoma chapisho langu?" mama alimuuliza mumewe mezani.

"Nimelimaliza!"

"Sehemu gani imekuvutia?"

"Zote, mke wangu. Hasa zile za katikati."

Mama akacheka, akadhani ni mzaha. Twiga hakucheka. Alimwona baba alipolishika chapisho kwa urefu wa mkono, akafunua kurasa, akatikisa kichwa kama msomi, akalirudisha kabatini. Yeye ndiye aliyelisoma, pua ikigusa karatasi, mpaka akafika pale mama alipoandika kwamba kijana hafichi maradhi kwa ukaidi tu. Mara nyingi anaficha kwa sababu amewaona wakubwa wake wakificha. Akalifunga haraka, kana kwamba mama kamchungulia dirishani.

Lakini angeanzia wapi? Akilitoa lake, la baba litatoka nalo, na baba bila jicho la kozi ni nani? Akalificha lake. Jaribio lilikuwa wiki ijayo.

Ijumaa, koti likiwa limebaki mikono tu, Twiga alichelewa kurudi kutoka shuleni. Kitambaa cha koti kilikuwa cha zambarau, chenye uso na mgongo: uso unang'aa kidogo, mgongo umefifia, na ukikishika mkononi usipokikagua kwa karibu hujui upi ni upi. Siku zote Twiga ndiye aliyetia alama ya chaki mgongoni kabla baba hajakata. Siku hiyo baba aliitia mwenyewe, kwa kiburi na kwa kubahatisha. Akamalizia Jumamosi asubuhi, akapiga pasi, akalikunja. Mama akalitia kwenye mkoba na kutoka mbio.

Ukumbini mama alimvuta Twiga pembeni. "Kaa nyuma kabisa, mwanangu. Sauti yangu ni ya kifaranga, unaijua. Nikishika sikio, nauliza kama nasikika. Kama nasikika, inua mkono."

"Sawa, mama," Twiga akasema.

Yeye na baba wakakaa safu ya mwisho, Shangazi Madirisha mbele yao. Taa za jukwaani zikawaka. Watu wakapiga makofi, na Twiga akaona doa la zambarau likitembea. Likasimama. Likaanza kuzungumza kwa sauti ya mama.

"Twiga," baba akanong'ona baada ya muda, "mama yako kashika sikio."

Twiga akainua mkono upesi.

Muda ukapita. "Kashika tena. Unatazama wapi wewe?"

"Namtazama yeye, baba."

"Sasa mbona..." Baba hakumaliza. Aliinuka nusu, akakaa, akajipiga paji la uso. "Masikini mimi! Mkono wa kushoto wa koti!"

"Una nini?"

"Nimeushona mgongo nje! Tazama! Mmoja unameremeta, mwingine kama umechovywa majivuni! Hata kipofu anaona! Huoni?"

Twiga alifungua kinywa aseme "naona", kama alivyozoea. Neno likafika kwenye meno likagoma. Aliona mbele yake, wazi kuliko jukwaa, dawati lake la nyuma na nane zilizogeuka tatu.

"Baba, mimi sioni hata kama mama ana mikono."

"Unasemaje?"

"Sioni mbali. Ubao siuoni. Ndiyo maana nafeli hesabu."

Baba akamgeukia mzimamzima. "Tangu lini?"

"Tangu muhula uliopita."

"Na hukuniambia? Mimi, baba yako?"

"Na wewe, baba, yale mafuta ya cherehani uliniambia?"

Kiti cha mbele kikalia, Madirisha akageuka taratibu, miwani ikiwaka. "Kaka," akasema kwa upole wenye sumu tamu, "kozi ametua?"

"Wale wawili wa nyuma!" sauti ya kifaranga ikapaa toka jukwaani. "Mnanisikia au mnagombana?"

Vichwa vyote vikageuka. Baba angeweza kujikunyata. Lakini mwenye majivuno akiamua kuanguka, huanguka kwa kishindo. Akasimama.

"Tunakusikia, mke wangu! Ila mwanao hakuoni, na mimi nakuona mno, ya karibu ndiyo siyaoni! Tazama mkono wako wa kushoto!"

Mama akatazama mkono huu, akatazama ule. Akavua koti, akaliinua kwa mabega ukumbi mzima ulione.

"Ndugu wazazi," akasema, "nilikuwa nimefika pale pa kutoa mfano wa wakubwa wanaoficha maradhi. Mfano wenyewe huu hapa. Umeshonwa nyumbani kwangu."

Kicheko kilichofuata kilitikisa madirisha, yale ya ukutani na yule wa kitini. Mama naye alicheka mpaka akafuta machozi kwa ule mkono uliofifia, akalivaa koti hivyo hivyo, akaendelea. Hakushika sikio tena. Alisikika mpaka barabarani.

Nje, watu walipopungua, alimkumbatia Twiga kwa nguvu. "Nimewauliza watoto wa watu wote, wangu nikamruka. Jumatatu naonana na mwalimu wako. Jaribio utalifanyia dawati la mbele, wakizibwa wazibwe."

Baba alikuwa kando, akigonga vidole mkononi, akihesabu mizani. "Jicho langu... jicho langu la uzeeni..."

"Baba," Twiga akamkatiza, "ubeti baadaye. Ahidi kwanza."

Fundi akaacha kuhesabu. Akamtazama binti yake, akarudi hatua nyuma ili amwone vizuri, wote wakacheka. Akamshika mkono.

"Nakuahidi, mwanangu, mbele ya mama yako na mbele ya dada yangu. Umesikia? Nimesema dada yangu, sikusema Madirisha. Jumatatu ukitoka shule, cherehani nafunga, tunakwenda kwa daktari wa macho mimi na wewe. Na kwenye kile kiti, wa kwanza kukaa ni mimi."